Nilimchagulia Afra Chuo

Msichana ambaye mimi mwenyewe nilimsindikiza uwanja wa ndege, akaenda Marekani kusomea uhandisi, nilimkuta Bandari ya Sultan Qaboos, hapa Muscat, saa moja asubuhi akiwaonyesha watalii choo kiko wapi.

Kwanza nilikataa kuamini.

Nikasema huyu ni mtu anafanana naye tu. Tena huyu anachechemea. Yule ninayemjua mimi hata akienda kunywa maji alikuwa anakimbia.

Nikapumua.

Kisha akageuka, akanitazama, akasema kwa sauti ya chini:

"Kochi."

Maze, alikuwa yeye.

Acha niwape hii stori kutoka mwanzo. Majina nimebadilisha, hata langu. Nimekaa nayo mwaka mzima na inanikula. Sitafuti wa kunihurumia. Ukimaliza kusoma ukitaka kunitusi, nitusi tu.

Niite Jared. Mtu wa Vihiga. Nilikuja Muscat 2013 kufundisha michezo katika shule moja ya binafsi. Mke wangu Millicent na watoto walibaki nyumbani Kenya.

Afra alikuja uwanjani kwangu akiwa na miaka kumi na mbili. Mwembamba, miwani, kitabu mkononi. Hakuja kukimbia. Alikaa pembeni akitazama wenzake wakiruka viunzi, wakigonga hiki, wakiangusha kile.

Baadaye akanifuata.

"Kochi, hawa wanapiga hatua nyingi sana hapo katikati. Ndiyo maana wakifika kwenye kiunzi wanababaika."

"Wewe umejuaje?"

"Nimehesabu."

Nikacheka. Nikamwambia weka kitabu chini, jaribu wewe basi.

Alijaribu. Nikaacha kucheka.

Miaka mitano baadaye huyo mtoto alikuwa anakimbia mita mia nne kuruka viunzi kwa sekunde sitini na moja na pointi. Kwa msichana wa shule, hapa Oman, hiyo si mchezo. Alishinda Muscat, akashinda Doha.

Na alishinda kwa kichwa. Siku moja alinionyesha daftari lake.

"Kochi, kati ya kiunzi na kiunzi napiga hatua kumi na saba. Nikirefusha kila hatua sentimita kumi na mbili tu, zinabaki kumi na sita. Lakini hapo lazima nijue kuruka kwa miguu yote miwili. Kiunzi hiki kushoto, kinachofuata kulia."

"Hiyo ni ngumu, Afra. Watu wazima inawashinda."

"Ngumu sawa. Lakini hesabu imekubali."

Alifanya mazoezi miezi mitano mpaka ikakaa. Mimi sikumfundisha. Mimi nilishika tu saa.

Sasa elewa kitu kimoja. Mbio alizipenda, lakini ndoto yake haikuwa mbio. Ndoto ilikuwa mitambo. Mashine ya kufulia ya bibi yake iliwahi kugoma, fundi akasema khalas, imekufa, nunueni nyingine. Afra aliifungua yote sebuleni, akairudisha, ikafua.

Familia yao ni Waomani wa Zanzibar, wanakaa mtaa wa Al Khuwair. Siku ya kwanza nimempeleka nyumbani baada ya mashindano, bibi yake alinisikia nikiongea akatoka hadi mlangoni.

"Weye wasema Kiswahili! Ingia ndani, mwalimu, usisimame juani. Mbona wakonda hivyo, huko skuli hawakulishi?"

Huyo ndiye Bi Nasriya. Tangu siku hiyo, Ijumaa nyingi mchana wangu ulikuwa kwake. Pilau, samaki, sambusa, na maneno. Mtu uko ugenini, hujaona watoto wako mwaka mzima, halafu mama mtu mzima anakuwekea chakula na kukuita mwanangu. Kama hujawahi kukaa Ghuba huwezi kujua hiyo ni kitu gani.

Ikafika 2022. Afra anamaliza shule, na anatakiwa kuchagua chuo.

Mlango wa kwanza ulikuwa hapa hapa Muscat. Chuo kimoja kilimpa nafasi ya uhandisi wa mitambo kwa alama zake. Mbio hakuna. Uwanja wenyewe hawana. Lakini uhandisi upo, kamili.

Mlango wa pili ulikuwa Marekani. Chuo kidogo, jimbo la baridi, ambacho kochi wake aliona video zetu akatutafuta. Ufadhili wote, mradi akimbie.

Afra alitaka vyote viwili, uhandisi na mbio. Swali lake lilikuwa moja tu: nikienda kule, nitasoma uhandisi?

Mimi ndiye niliyekuwa nikiandikiana na yule kochi. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeuliza.

Jibu lilikuja Jumapili moja ya mwezi wa tatu. Nililisoma kwenye kompyuta yangu, chumba cha walimu, peke yangu.

Sehemu ya kwanza alisema hivi: uhandisi tunao, lakini maabara zake ni mchana, saa zile zile za mazoezi. Miaka sita sasa hakuna mwanariadha wangu aliyesoma uhandisi. Waliojaribu walibadilisha kozi muhula wa kwanza. Tafadhali mwambie msichana ukweli huu kabla hajatia sahihi.

Sehemu ya pili ilinihusu mimi. Tunatafuta kochi msaidizi wa viunzi. Kazi yako tumeiona. Msichana akija, itakuwa rahisi kwangu kukuombea nafasi.

Wiki ile ile, mudir, mkuu wa shule, alikuwa ameniita ofisini. Akaniambia kwa upole kwamba kazi za ualimu wa michezo zinapewa wenyeji, na mkataba wangu una mwaka mmoja tu umebaki.

Unaona mahali niliposimama.

Ningependa kusema nilikesha nikipigana na roho yangu. Sikupigana. Nilifunga ile barua, nikanawa uso, nikaenda uwanjani.

Afra alikuwa ananyoosha misuli.

"Kochi, wamejibu?"

"Wamejibu. Uhandisi upo."

Si uhandisi ulikuwepo? Barua ilisema tunao. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Sikusema uongo, nilikata tu maneno.

Jioni moja nikaitwa Al Khuwair. Baba yake, Mzee Harub, afisa wa serikali, mtu wa maneno machache, alikuwa amekaa na makaratasi ya vyuo viwili mbele yake.

"Jared, kwenye kozi anayoitaka, una hakika?"

"Nina hakika, mzee."

Akamtazama mama yake mzazi. Bi Nasriya akanigeukia mimi.

"Mwalimu, sie mambo ya mbio hatuyajui. Huyu mtoto nnampenda kuliko macho yangu, na huko kwenyewe sijawahi kufika. Weye umemlea uwanjani tangu mdogo. Ukisema aende, ataenda. Ukisema abaki, atabaki."

Nakumbuka feni inazunguka. Nakumbuka Afra ameniangalia, hapepesi macho.

"Aende," nikasema.

Alhamisi iliyofuata ndiyo ilikuwa mwisho wa kuthibitisha nafasi ya hapa Muscat. Hakuthibitisha. Nafasi ikaenda kwa mwingine.

Mwezi wa nane tukamsindikiza. Bi Nasriya alilia hadi mtandio ukalowa. Mimi nilibeba begi la viatu vyake vya mbio mpaka pale wasafiri wanapoachana na watu wao.

"Tutaonana huko, Kochi," aliniambia.

Nilidhani anatania.

Wiki ya tatu ya mwezi wa tisa akanitumia sauti kwenye simu. "Kochi, wameniambia nibadili kozi. Wanasema maabara inagongana na mazoezi. Nifanye nini?"

Nikamjibu: "Vumilia kidogo, nafanya mpango."

Mpango gani? Hakukuwa na mpango.

Mwezi wa kumi na moja yule kochi akaniandikia. Nafasi ya msaidizi amepewa mtu mwingine, wa kule kule. Pole sana. Mistari miwili.

Afra akaendelea kutuma. Kochi, upo? Kochi, wameniweka kwenye kozi ya usimamizi wa michezo. Kochi, huku kuna baridi mpaka meno yanauma. Kochi, nimeomba nihudhurie darasa moja tu la fizikia, saa moja asubuhi, lakini natoka mazoezini nimechoka nalala mezani.

Nilikuwa nasikiliza. Nikawa siwezi kujibu. Baadaye nikawa siwezi hata kusikiliza. Nikaweka namba yake kimya.

Ujumbe wa mwisho ulikuja mwezi wa tatu mwaka uliofuata. Neno moja na jina langu.

"Kochi, mguu."

Sikujibu, wasee. Naandika hapa mbele yenu. Sikujibu.

Mwezi wa sita shule ikaniaga na keki. Kwa bahati nikapata kazi katika hoteli moja ya Qurum, ufukweni. Napanga viti, nafungua miavuli, nagawa taulo. Kochi wa miaka kumi anagawa taulo. Na siku za meli za watalii kutia nanga, wananituma bandarini kupokea wageni wetu na mizigo yao.

Al Khuwair sikukanyaga tena. Bi Nasriya alipiga simu mara mbili tatu. Nikasema niko kazini. Akaacha.

Ndivyo nilivyofika asubuhi ile ya Novemba 2024. Meli kubwa imetia nanga, watalii wanamiminika, na Afra amesimama mbele yangu na fulana ya kampuni ya utalii na kibao cha mshale.

"Umekonda, Kochi," akasema.

Hakuwa na hasira. Ningejua la kufanya na hasira.

Wageni wangu walikuwa bado kwenye foleni. Akanunua chai ya maziwa vikombe viwili, tukakaa kwenye ukingo wa barabara, kivulini mwa basi.

"Ulirudi lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa sita. Kano ya kisigino ilikatika mazoezini. Kiunzi cha tano. Nilidhani mtu kanipiga teke kwa nyuma. Nikageuka, hakuna mtu." Akapuliza chai. "Mwaka ulipoisha hawakunipa ufadhili tena. Mtu hakimbii, watampa wa nini?"

"Na hapa? Kile chuo cha hapa?"

"Ile nafasi ilikuwa ya mwaka ule tu. Baba akasema nenda chuo chochote unachotaka, nitasimama na wewe. Nikaenda kimoja. Siku tatu."

"Siku tatu?"

"Nikifungua kitabu naona maandishi tu. Zamani nilikuwa nikiona hesabu inatembea. Sasa haitembei." Alisema kama mtu anayekutajia hali ya hewa. "Mie sioni tena kitu, Kochi. Hapa angalau watu wanauliza choo, na choo kipo."

Nikaweka kikombe chini. Nikasema sasa au kamwe.

"Afra, kuna kitu nilikuficha. Ile barua ya yule kochi..."

"Najua."

"Hapana, hujui. Kulikuwa na sehemu inasema..."

"Maabara ni mchana. Miaka sita hakuna mwanariadha aliyesoma uhandisi. Mwambie msichana ukweli kabla hajatia sahihi." Alisema yote bila kupepesa. "Na chini yake kuna kazi yako."

Nilihisi kama lile basi limenikanyaga.

"Umejulia wapi?"

"Jumatatu ile ulinipa kompyuta yako nipunguze video ya Doha, umesahau? Barua ilikuwa wazi. Nikasoma yote."

"Jumatatu? Yaani siku moja baada ya mimi kuipata?"

"Ndiyo. Nikasema nisubiri, Kochi ataniambia. Kila siku baada ya mazoezi nikawa nakuuliza, una hakika na uhandisi? Kila siku unasema nina hakika. Siku tisa nimekuuliza. Mpaka siku ile nyumbani, mbele ya bibi."

Nikakumbuka. Kweli alikuwa akiuliza. Mimi nilidhani ni wasiwasi wa mtoto anayeondoka kwao.

"Sasa mbona ulikwenda?" Nikamgeukia. "Ulijua! Mbona hukubaki?"

Watu wa meli walikuwa wakipita mbele yetu na kofia zao, wakicheka.

"Kwa sababu ulisema aende, na barua umeisoma. Nikajiambia, Kochi hawezi kunitosa. Lazima ameshapanga jambo. Atapata ile kazi, atakuja, atasimama mbele yao aseme huyu mtoto ana maabara leo, mazoezi atafanya asubuhi. Nilikuwa nakusubiri, Kochi. Mpaka Disemba nilikuwa nawaambia wenzangu kochi wangu anakuja."

Hapo ndipo nilipoelewa lile neno la uwanja wa ndege. Hakuwa anatania.

Nikalia. Mwanaume wa miaka arobaini na tatu, na sare ya hoteli, pale barabarani.

"Nitakwenda kwa baba yako," nikasema. "Leo leo. Nitamwambia kila kitu."

Akanitazama, kwa mara ya kwanza kama mtu aliyechoka.

"Ukimwambia baba, utapumua weye. Mie nitapata nini?"

Mzee mmoja Mzungu akaja kuuliza mabasi ya kwenda sokoni Mutrah. Afra akainuka, akatabasamu tabasamu la kazini, akanyoosha mkono kuonyesha njia. Hakurudi kukaa. Wageni wangu wakatoka, nikapakia mizigo, tukaondoka.

Nilikaa wiki mbili. Sikuweza. Ijumaa nikavaa shati safi, nikaenda Al Khuwair. Nilikuwa nimeamua. Wanipige, wanifukuze, waniite mwizi, potelea mbali.

Bi Nasriya alifungua mwenyewe. Amezeeka. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu! Umetususa miaka yote hii? Ingia, ingia."

"Shikamoo, Bi Nasriya. Nimekuja kuomba..."

"Marahaba. Usiombe kitu. Kaa kwanza ule."

Mzee Harub akatoka chumbani, akanipa mkono, akakaa. Afra hakuwepo, alikuwa kazini.

Nikafungua mdomo. Bi Nasriya akanitangulia.

"Sisi ndio tunaopaswa kukuomba radhi, mwanangu. Afra katwambia kila kitu aliporudi."

Nikatazama mlango.

"Katwambia weye ulimkataza asende. Ulimwambia pembeni kwamba huko uhandisi hatousoma, yeye akashikilia, akakulazimisha useme aende mbele yetu. Kasema kosa lote lake. Na sie hapa tulishakuwekea kinyongo, tukasema mwalimu katupotezea mtoto. Tusamehe, wallahi."

Mzee Harub akaitikia kwa kichwa. "Ulifanya la mtu mwema, Jared."

Sahani ya pilau ikawekwa mbele yangu.

Sasa niambieni nyinyi. Nikisema ukweli, namfanya Afra mwongo mbele ya baba yake na bibi yake, na nawaambia wamekula na nyoka. Nikinyamaza, nakuwa mtu mwema.

Nilikula ile pilau. Niliimaliza. Nikasema ahsante.

Mpaka leo sijui kama Afra alinisitiri au alinifunga. Nilimtumia ujumbe kumuuliza. Ameusoma, hajajibu. Na mimi siwezi kulalamika, si nilimfanyia hivyo hivyo?

Siku za meli huwa namwona. Ananisalimia vizuri, "Habari za asubuhi, Kochi," anaendelea na kazi yake. Ana miaka ishirini na moja. Tuliacha kuzungumza habari za chuo.

Kama kuna mwalimu, kochi au mzazi anasoma hapa, na mtoto wako yuko kwenye kuchagua chuo, sina hekima kubwa ya kukupa. Nina hii tu.

Mtoto akikuletea barua ya maisha yake umsomee, msomee yote. Na ile sehemu inayokuhusu wewe, anza nayo.